Risasi zilihesabiwa, watu wakakisiwa

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, utaratibu ni ule ule. Rais anaweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, mwakilishi wa askari wastaafu shoka. Tarumbeta inalia, watu wanasimama kimya, viongozi wa dini wanaomba dua kwa zamu. Hotuba zikishapita, huku Visiwani huanza mjadala ambao hautangazwi redioni: kwa nini watu wengi hawana habari na siku hiyo?

Wapo wanaojibu kwa ukali kwamba Mzanzibari hajali mashujaa wake. Kwamba askari akishazikwa na hitima ikishasomwa, basi, jina lake halisikiki tena nje ya nyumba yao. Wapo wanaojibu kwa ukali huo huo kutoka upande wa pili: maua na tarumbeta katuachia Mwingereza, na maiti hanufaiki na kitu isipokuwa dua na sadaka. Hawa wa pili ndio ninaoona hawaeleweki. Sehemu ya kosa ni yao wenyewe, maana hoja yao huitoa kwa sentensi moja ya kukata maneno, "tuacheni na hitima zetu", halafu wanageukia kahawa. Lakini ukiwasikiliza vizuri, hawagombani na maua. Wanachogombea ni nani mwenye haki ya kusema mtu fulani alikufa kwa ajili ya nini.

Wenzao wana haki yao, na si ndogo. Vita vya Kagera havikuwa vya mtu kutafuta sifa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaua raia, yakapora, na Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni lake. Mwalimu Nyerere aliposimama mwanzoni mwa Novemba akataja uwezo, sababu na nia, hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu ni ipi. Waliokufa katika vita vile wengi wamelala Kaboya, Muleba. Waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji wamelala Naliendele, Mtwara. Dola iliyomtoa kijana kwao, ikamvisha sare na kumpa amri, haiwezi kumrejesha kwa mama yake ndani ya jeneza kisha ikaondoka kama dereva aliyeshusha mzigo wa watu. Kusimama mnarani, kwa wanaoutetea mnara, ni dola kukiri hadharani kwamba kifo kile ni deni lake. Na yupo mtoto wa skuli anayetazama. Asipomwona mtu mzima akiinama kwa heshima ya askari, atajifunza wapi kwamba usingizi anaoulala kuna walioulipia?

Hoja hiyo ina uzito, na nitairudia mbele, kwa sababu upande ninaouelekea una tundu ambalo hoja hii inaliona vizuri kuliko wenyewe.

Lakini tazama vita vinavyowapata vijana wetu miaka hii. Tarehe 7 Disemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania pale Semuliki, Beni, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa na ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Askari wetu 15 walikufa. Miaka minne nyuma, Julai 2013, saba waliuawa Darfur, Sudan, katika shambulizi la kuviziwa. Baadhi ya maiti wa Semuliki waliletwa kuzikwa Unguja na Pemba, na kwa siku kadhaa hapakuwa na mazungumzo mengine mitaani. Hapo suala la sababu likawa gumu. Hakuna Amin aliyekuwa amevuka mpaka wetu. Dola ilijibu kwamba jirani akiungua nawe huna usalama, kwamba Tanzania imebeba dhamana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na kwamba wale waasi walikuwa wakichinja raia wasio na silaha. Jibu la haki kabisa. Barazani likasikika jibu jengine, la chini chini: posho. Kijana anarudi na fedha za kumalizia nyumba aliyoianza kwa matofali mia mbili. Lile la dola halikuwa la uongo, wala hili la barazani halikuwa tusi. Mtu mmoja anaweza kwenda Beni kwa sababu zote mbili, na ya tatu asiyomwambia mtu.

Sasa mnarani pana nafasi ya sababu moja tu. Hotuba lazima ichague, na itachagua ile iliyo njema zaidi kwa msemaji. Hilo ndilo linalowakimbiza watu wa hitima.

Fuata maziko ya askari hapa kwetu uone namna pande mbili zinavyopokezana mtu mmoja bila kugombana. Jeneza linafika na bendera juu yake, limebebwa na wenzake kwa mwendo wa gwaride. Anasaliwa. Makaburini bendera inakunjwa, anakabidhiwa nani wa kukabidhiwa, kisha maiti anatolewa ndani ya jeneza na kushushwa kwa sanda yake, ile ile anayovishwa mvuvi na karani, analazwa ndani ya mwanandani akaelekezwa kibla. Cheo kimebaki juu. Nyota zimebaki juu. Risasi za heshima zinapigwa hewani, na baada ya hapo, au kabla, kutegemea walivyoelewana, anasomewa talakini, yale maneno ya kumkumbusha maiti imani yake kaburini. Jeshi limempa heshima kwa lile alilotumwa kulifanya. Jamaa zake wanamwombea msamaha kwa yote aliyoyafanya, pamoja na hilo. Hapo ndipo tofauti ilipo, na sioni kama ni ndogo. Hotuba humtaka shujaa asiye na doa, kwa sababu doa lake litaipaka na vita yenyewe. Dua inaanzia pale pale kwenye doa. Mtu asiye na makosa haombewi maghufira. Anayekaa msikitini na juzuu yake mkononi siku ya arubaini hana haja ya kujua kama vita vilikuwa vya haki ndipo amfae marehemu. Anaweza kuwa anavichukia vita vile tangu siku ya kwanza, na akasoma mpaka mwisho kwa machozi.

Anayeona kwamba hiyo si heshima ya kutosha, afikirie tarehe 7 Aprili. Kila mwaka viongozi wakuu wa nchi hukusanyika Kisiwandui kumkumbuka Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972. Shughuli yenyewe kubwa ya siku hiyo ni nini? Hitima. Rais wa nchi na mawaziri wake wanakaa wanasikiliza Qur'ani na kuitikia amin. Sijapata kusikia mtu akisema kwamba Mzee Karume kadharauliwa kwa kusomewa badala ya kupigiwa tarumbeta. Ikiwa inamtosha yeye, kwa nini isimtoshe koplo?

Kuna mfano wa nyumbani unaoniweka macho kuliko Beni, nao ni wa tarehe 27 Agosti 1896. Msomaji anaijua hadithi. Sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini, amefariki tarehe 25. Khalid bin Barghash ameingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Manowari tano za Admirali Rawson zimejipanga bandarini. Saa tatu asubuhi muda wa onyo umekwisha, na haijafika saa nne kasri ni moshi na Khalid yumo ndani ya ubalozi wa Wajerumani. Dakika 38 kwa hesabu moja, 45 kwa nyengine. Vita vifupi kuliko vyote duniani! Mtembeza wageni anayasema hayo mbele ya Beit al-Ajaib, wageni wanacheka, wanapiga picha, wanaendelea na njia yao. Simlaumu, anatafuta riziki, na kichekesho ndicho kinacholeta bakshishi.

Linalonikera ni hesabu. Makombora ya mizinga yaliyopigwa asubuhi ile yamewekwa kiasi cha 500. Risasi za bombomu, zile bunduki za rasharasha, 4,100. Risasi za bunduki, 1,000. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja wa manowari ya Thrush, akapona. Upande wa kasri? "Waliokufa na kujeruhiwa, kiasi cha 500." Isomeni tena. Maiti na majeruhi wametiwa kapu moja. Aliyekatika kidole na aliyefukiwa chini ya boriti za Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, ni nambari ile ile. Hakuna aliyeona dhiki ya kuwatenga. Kwa nini kombora lihesabiwe kuliko mtu? Kwa sababu kombora lina bei, lina daftari lililotokea na daftari linakorejea, na afisa atakayeulizwa. Na bei hiyo ilikuja kudaiwa kweli: wafuasi wa Khalid walitozwa gharama za makombora yaliyowapiga, pamoja na hasara ya uporaji uliofuata, jumla rupia 300,000. Mtu anapigwa mzinga, nyumba inamwangukia ndugu yake, halafu analetewa hesabu ya baruti. Kila nikiisoma habari hiyo huona kama stakabadhi ile ndiyo mnara pekee wa vita vya 1896 uliowahi kusimamishwa kwa uangalifu.

Tena walikuwa nani hao 500? Ndani ya kasri na uwanja wake mlikuwa na watu karibu 2,800: raia walioitikia mwito, walinzi, na mamia ya watumishi na watumwa wa Khalid. Watumwa. Hapa ndipo wanaotaka mashujaa hukwama, na hukwama pande zote. Msomi mmoja atakwambia wale ndio Waafrika wa mwanzo kusimama mbele ya manowari za Mwingereza katika mji huu, kwa hivyo ni mashujaa wa kupinga ukoloni, wajengewe. Mwengine atakwambia walikuwa wakilinda kiti cha mtu mwenye watumwa, na kwamba kuwajengea ni kuirejesha kwa mlango wa nyuma ile habari ya usultani ambayo nchi iliifunga Januari 1964. Wote wawili wanazungumza juu ya Khalid. Mtu aliyekuwa mali ya mwenzake, aliyepewa bunduki alfajiri na kuambiwa kaa hapa, hakuchagua ukoloni wala usultani. Mwaka uliofuata, 1897, utumwa ulipigwa marufuku kisheria. Angekuwa hai, huenda angedai uhuru wake. Kifo chake hakina maana ya kutiwa kwenye hotuba. Hakikuwa kwa ajili ya nchi wala kwa ajili ya dini. Kilikuwa kifo tu, cha mtu aliyekuwa mahali ambapo wakubwa wawili walikuwa wakigombea kiti.

Watu wa hitima wanalijua hili bila kulisomea. Ndiyo maana mzee ukimtajia mnara wa 1896 anakuuliza, "Wa kumsifu nani?" Swali hilo wengi hulichukua kuwa ni ubishi au woga wa siasa. Mimi naliona ni swali la kwanza ambalo lingepaswa kuulizwa.

Nenda mbele miaka kumi na minane. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga bandarini hapa ikitengenezwa mitambo yake, ikaipiga mpaka ikazama. Walikufa mabaharia 38. Ukipanda mashua ukaenda Chapwani, kisiwa ambacho Waingereza walikiita kisiwa cha makaburi, utawakuta wa Pegasus wamelala pale, na mabaharia wa zamani zaidi waliokufa wakifukuza majahazi ya watumwa. Makaburi yana majina, na yanatunzwa. Sina kinyongo nao hata kidogo. Walikuwa vijana wa watu, walikufa mbali na kwao, na anayewafagilia kaburi anafanya jambo jema. Nataka tu msomaji auweke Chapwani upande mmoja, kisha akumbuke wapagazi.

Kariakoo, kule Dar es Salaam na hapa kwetu, tunalitamka jina hilo tukifikiria soko au viwanja vya kuchezea watoto sikukuu. Limetoka kwenye jina la Kiingereza Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Zanzibar nayo ilitoa wapagazi; mwaka 1916 aliwaongoza bara Askofu Frank Weston wa Kanisa la Kianglikana, yule wa Mkunazini, ambaye vita vilipokwisha aliandika kuwashutumu Waingereza wenzake kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Walibeba unga, risasi na wagonjwa kwa miguu, wakafa kwa kuhara, homa na njaa zaidi ya kufa kwa risasi. Mwaka 1927 Waingereza wakasimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam, na maandishi yake yanamwahidi msomaji kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu ile pande zote. Hakuna jina hata moja.

Haikuwa bahati mbaya. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya namna ilivyowatenda askari na wapagazi wasio Wazungu baada ya vita vile. Mle ndani yamo maoni ya Horace Byatt, gavana wa Tanganyika wakati huo, ya mwaka 1922: kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwengineko, yaachwe yarudi kuwa mwitu upesi iwezekanavyo, na kwamba yeye hakupenda kuzitazama takwimu za Waafrika waliokufa. Ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Baina ya makisio hayo mawili pana tofauti ya watu 234,000. Sensa ya 2022 iliupa kila mmoja wa mikoa miwili ya Pemba watu 270,000 na kitu. Chukua karibu mkoa mzima, Wete na Micheweni na vijiji vyake, uuweke ndani ya neno "huenda".

Hapo ndipo mnara wa jumla unapomaliza kazi yake. Unasema "wote", na "wote" ni neno linaloweza kusemwa na mtu asiyemjua hata mmoja. Gavana aliyetaka makaburi yaote magugu na sanamu iliyosimama miaka mitano baadaye havikupingana hata kidogo. Sanamu ilichukua utiifu wa wale watu, utiifu ambao dola ile iliuhitaji, ikawaacha wao wenyewe huko huko porini.

Katika hayo yote kuna jengo moja la ukumbusho wa Vita Kuu hapa Unguja ambalo naliheshimu, nalo watu wanalipita kila siku wakienda Hospitali ya Mnazi Mmoja. Beit al-Amani ilifunguliwa mwaka 1925, kazi ya Sinclair, yule Mwingereza aliyependa kuba. Fedha na nia zilikuwa za ukumbusho wa vita, lakini kilichojengwa kikawa nyumba ya makumbusho, wakaiita nyumba ya amani, na vizazi vya wanafunzi wakapelekwa kutazama mifupa na mawe. Aliyepitisha uamuzi huo huenda alikuwa na sababu zake za kikoloni, lakini lilikuwa ni wazo zuri: vita vimekwisha, fungua mlango, watoto waingie wajifunze kitu. Hakuna bunduki ya shaba juu ya mlango. Wala nako, bila shaka, hakuna jina la mpagazi.

Basi nirudi kwenye tundu nililolitaja. Hitima inaishi kadiri wanavyoishi wanaomjua marehemu. Mtoto atasoma, mjukuu labda, na kitukuu atakuwa hana habari kwamba kulikuwa na mtu wa kumsomea. Kwa wale wa 1896 nani anasoma leo? Tuna dua ya jumla kwa waliotangulia wote, lakini hilo nalo ni "wote" jengine, na nimekwisha kulilaumu la mnarani. Siwezi kulisamehe la msikitini kwa sababu tu limesemwa kwa Kiarabu. Wanaotetea mnara wako sawa kabisa hapa: kisichowekwa hadharani na kisichokuwa na siku yake katika mwaka hupotea. Khofu yao ya kusahau ni ya kweli, na Zanzibar ni ushahidi wake.

Na lipo jengine gumu zaidi. Nimesema dua haiulizi sababu. Lakini kuna mama anayeiuliza. Anataka aambiwe kwamba mwanawe hakufa bure, na akiambiwa hivyo na mtu mwenye cheo, mbele ya majirani, anapata kitu cha kushikilia usiku. Nani wa kwenda kumwambia kwamba maana hiyo ni ya hotuba tu? Siwezi, wala sioni anayeweza. Tena askari wenyewe, ukizungumza na waliorejea, wengi hawataki kuonewa huruma kama watu waliopotezewa maisha. Wanasema walijua wanachokifanya, waliwaona wale wanawake wa vijijini Kongo, na wangerudi tena. Anayesema kwamba vita vyote havina maana anamnyang'anya mtu huyo ushahidi wake. Kwa hiyo sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba maana hiyo ni ya askari na ya mama yake kuitaja, nao ndio walioilipia. Dola inaweza kuipokea kwao ikanyamaza nayo. Ikianza kuigawa kwa watu wengine, na kumpima uzalendo asiyeichukua, imeshavuka mpaka.

Kwa hiyo ninapoambiwa nichague baina ya shada na hitima, nachagua hitima, na naidai dola kitu ambacho hitima haiwezi kujipa yenyewe: majina. Si sanamu. Wenye kuchukia kujenga juu ya makaburi kwa sababu za dini hawatagombana na daftari, na wenye kuogopa siasa hawatapata humo neno la kumsifu sultani wala la kumlaani. Wa Semuliki na wa Darfur majina yao yapo. Yasomwe kila mwaka, moja moja, pamoja na shehia aliyotoka mtu, na ichukue muda inaochukua. Wa Kagera wasomwe. Wapagazi watafutwe, kazi ianzie Nyaraka za Taifa pale Kilimani kwa mtu kupewa meza, mshahara na miaka ya kutosha. Daftari likae Beit al-Amani, ambayo ilijengwa kwa ajili yao ikasahau kuwaandika.

Nimewahi kupingwa kwamba kwa wale wa kasri la Khalid hili halina maana, kwa kuwa hata pakitokea karatasi, mtumwa huandikwa jina moja, tena la kupewa na bwana wake: Feruzi, Mabruki, Farhani. Hakuna la baba, hakuna la ukoo, na jina la kwao hasa lilibaki kule alikochukuliwa. Ni kweli. Lakini wenye kusoma talakini walilitatua suala hilo zamani sana. Maiti huitwa kwa jina la mama yake, na asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa. Feruzi bin Hawa. Kwa jina hilo anasomewa, na hakuna sheikh atakayekwambia kwamba halitoshi.